Kati ya mzima na teja

Wanaokumbuka miaka unga, yaani heroini, ulipoanza kuenea Dar es Salaam watakuambia kwamba neno "teja" lilizaliwa sokoni. Mwanzoni lilikuwa "mteja". Muuza unga alikuwa na wateja wake kama muuza maandazi alivyo na wake. Kisha mtaa ukaikata ile "m" ya mbele, tukabaki na teja na mateja. Kwa aliyekulia ndani ya Kiswahili, silabi ile ina uzito. Ndiyo inayomkalisha binadamu pamoja na mtoto, mzee, mgonjwa na mgeni. Ikiondolewa, mtu anahamishiwa kwenye mawe na magari. Ndiyo maana utamsikia mama mstaarabu kabisa ndani ya daladala akisema "lile teja la pale kituoni", kwa sauti ileile ambayo angesema lile gari bovu, na hakuna abiria anayegeuka.

Nimeanza na neno kwa sababu naamini kosa letu la kwanza kwa vijana hawa limo humo. Tuna majina mawili tu: mzima na teja. Mzima ni yule anayekwenda shule, anaamkia wakubwa, shati limepigwa pasi. Teja ni yule aliyeinama kituoni, magoti yamekunjika, kichwa kinakaribia kugusa lami na bado haanguki. Baina ya hao wawili kuna safari ya miaka miwili, mitano, wakati mwingine saba, na safari yote hiyo hatujaipa jina. Kijana aliye katikati yake tunamwita mzima mpaka siku tunapomwita teja, na siku hiyo tumeshachelewa.

Madaktari wamejaribu kuijaza nafasi hiyo. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa kutambua maradhi, kiliufuta mgawanyo wa zamani wa "matumizi mabaya" upande mmoja na "utegemezi" upande mwingine. Badala yake kikaweka tatizo moja lenye ngazi, na dalili zake 11. Mtu anatumia zaidi ya alivyokusudia. Anataka kupunguza, anashindwa. Muda wake mwingi unakwisha katika kutafuta, kutumia na kuzinduka. Ana hamu inayomsumbua hata akiwa darasani. Shule, kazi au wajibu wa nyumbani unamshinda. Anagombana na watu kwa sababu hiyo na haachi. Ameacha mambo aliyoyapenda. Anatumia mahali penye hatari. Anajua kwamba inamdhuru mwili au akili na anaendelea. Kiasi kilichomtosha jana leo hakimtoshi. Na akikosa, mwili unaugua. Dalili mbili au tatu ndani ya miezi 12 ni ngazi ya chini. Nne au tano ni ya kati. Sita na kuendelea ni kali.

Soma tena orodha hiyo ukimfikiria kijana unayemfahamu. Yule aliyekuwa akicheza mpira kila jioni na sasa haonekani uwanjani, anayegombana na mama yake juu ya chenji, anayesinzia kipindi cha kwanza, huyo tayari ana dalili. Hajauza kitu cha ndani, hajalala jalalani. Kwa hesabu ya mtaa ni mzima, labda ana "utundu wa ujana". Kwa hesabu ya daktari ameshaingia njiani, na hapo ndipo kumrudisha ni rahisi kuliko atakapofika popote mbele.

Katika ukoo wetu njia hiyo tuliiona ilipokwisha. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alianza kuvuta msuba, yaani bangi, akiwa na miaka 15, kidato cha pili. Shule ilimkuta na kipisi mfukoni ikamfukuza wiki hiyohiyo. Barua ilisema ni kwa ajili ya kuwalinda wanafunzi wengine. Sisi wakubwa tulimchapa, tukamsemea, tukarudi kwenye shughuli zetu. Hatukujiuliza mtoto wa miaka 15 asiye na shule ataishi wapi kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua linapozama. Aliishi kijiweni. Pale walikuwepo wenye miaka 25 na 30 waliokuwa wakivuta kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, na baada ya muda naye akawa anavuta hiyo. Alipofika miaka 18 mtungi wa gesi ulitoweka jikoni kwa dada yangu, ukafuata wa jirani. Siku hiyo ndipo ukoo ulipokaa kikao, na siku hiyo ndipo kwa mara ya kwanza niliposikia mtu wa nyumbani akimwita teja.

Kikao kilisema yanayosemwa kwenye vikao vyote vya namna hiyo. Shangazi alisema amerogwa. Mwingine alisema ni malezi, akimtazama dada yangu. Kaka yetu mkubwa akasema apelekwe kijijini akalime. Mimi nilimwuliza kijana mwenyewe kwa nini anavuta, naye akanijibu jambo ambalo sijalisahau: "Mjomba, mimi sivuti nisikie raha. Raha iliisha zamani. Navuta niwe kama wewe unavyoamka asubuhi."

Nilipokuja kusoma zaidi nilikuta kwamba alikuwa amenieleza ugonjwa huu vizuri kuliko vitabu vingi. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini. Kazi yake ni kuuambia ubongo: hili ni muhimu, likumbuke, lirudie. Hutoka tunapokula tukiwa na njaa, tunapokumbatiwa, timu yetu inapofunga bao. Heroini, pombe, sigara, bangi na nyinginezo huifungulia kwa wingi au kwa kasi ambayo pilau haiwezi. Ikifanyika hivyo mara kwa mara, ubongo hujihami kwa kupunguza usikivu wake. Matokeo yake ni mawili. Dawa ileile haitoshi tena, na mambo ya kawaida ya maisha yanapoteza ladha. Ukimwona kijana hafurahii sikukuu, hacheki na wadogo zake, usifanye haraka kusema ana kiburi. Huenda sehemu inayohusika na furaha imechoka.

Kisha kuna arosto, yaani mwili unavyougua ukikosa dawa. Anayetumia heroini kila siku huanza kuisikia saa 8 hadi 12 baada ya mara ya mwisho: miayo, makamasi, jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kukata na kuhara, mifupa kuuma kana kwamba inasagwa. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na kupungua ndani ya wiki moja. Mtu aliyeionja mara moja ataiba mtungi wa gesi ili isimrudie. Simtetei mwizi. Dada yangu alinunua mtungi mwingine kwa fedha ya kukopa. Nasema tu kwamba aliyemwibia alikuwa anakimbia maumivu, na kipigo tulichompa baadaye kilikuwa kidogo kuliko maumivu hayo. Ndiyo sababu hakikufua dafu.

Kwa nini vijana hasa? Ubongo wa binadamu haukomai wote kwa pamoja. Sehemu za ndani, zinazotafuta msisimko na sifa ya wenzao, huwaka mapema, wakati wa kubalehe. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kusema ngoja kwanza, huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Ni kama jahazi lililotwekwa tanga usukani ukiwa bado unafungwa. Jahazi hilo halina kasoro. Mungu ameliumba hivyo ili kijana athubutu, ajifunze, aondoke kwa wazazi wake. Lakini upepo mbaya ukilikuta katika hali hiyo hulipeleka mbali. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1997 ulikuta kwamba kati ya walioanza pombe kabla ya miaka 15, karibu 40 katika kila 100 waliwahi kuwa tegemezi kwa pombe maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa karibu 10. Kwa hiyo kila mwaka tunaomchelewesha mtoto una faida, hata kama mwishowe atajaribu.

Wapo watakaosema: mbona sisi tulivuta na tukaacha? Ni kweli. Wengi wanaojaribu hawafiki kwenye utegemezi. Makadirio ya Marekani ya miaka ya 1990, ambayo bado hutumiwa, yanasema ni karibu 9 katika 100 kwa bangi, 15 kwa pombe, 23 kwa heroini na 32 kwa tumbaku. Tofauti ya anayeponyoka na anayenaswa haiko kwenye nguvu ya roho peke yake. Karibu nusu yake ni urithi wa damu. Nyingine ni yaliyompata utotoni: msiba wa mzazi ambao hakuna aliyemsaidia kuulilia, kipigo, kuingiliwa, sonona ambayo hakuna aliyeitambua. Mpwa wangu alimzika baba yake akiwa na miaka 13. Hakuna mtu kwenye ukoo wetu, nami nikiwemo, aliyewahi kukaa naye akamwuliza kuhusu hilo.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na mara nyingi tunasema hivyo tukiwa na fimbo mkononi. Lakini methali yenyewe haitaji nguvu. Inataja ubichi, yaani wakati. Samaki mbichi hukunjika kwa vidole viwili. Aliyekauka utamvunja. Sisi tumegeuza mambo: akiwa mbichi tunamwacha, akikauka ndipo tunamkunja kwa pingu, kwa minyororo ya kumfunga kwenye nguzo ya nyumba, kwa vichwa vya habari vya magazeti.

Kuhusu kumfukuza shule nitasema wazi. Ni uamuzi mbaya. Mkuu wa shule anayemfukuza mtoto wa kidato cha pili kwa kipisi cha bangi anadhani ameondoa tatizo, kumbe amelipa muda, uhuru na marafiki wapya. Shule ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtoto anaonekana na mtu mzima kila siku. Adhabu iwepo, mzazi aitwe, kazi za mikono ziwepo, na awepo mwalimu wa ushauri nasaha aliyefundishwa kuuliza maswali yale 11. Lakini lango lisifungwe nyuma yake.

Na kijijini je? Mpwa wangu alikwenda. Alikaa miezi minne, akalima, akanenepa, tukachinja kuku aliporudi. Wiki ya pili alikutwa chooni amezimia, midomo imekuwa ya buluu. Hapa pana jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa wa unga inapaswa kulijua. Miezi ya kukaa bila dawa hushusha uwezo wa mwili kuihimili, lakini kumbukumbu ya ubongo haifutiki. Kijana anarudi kwenye kijiwe kilekile, ananusa harufu ileile, anachukua kipimo alichokizoea zamani, na kipimo hicho sasa kinaweza kumsimamisha pumzi. Hivyo ndivyo wengi wanavyokufa: wiki chache baada ya kutoka gerezani, baada ya kutoka kijijini, baada ya sote kusema ameacha. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo humwamsha mtu wa namna hiyo ndani ya dakika chache akiwahiwa. Mpwa wangu aliwahiwa kwa sababu mdogo wake alikuwa na haja ya choo. Sitaki kufikiria zaidi ya hapo.

Tanzania ilichukua hatua moja kubwa ambayo haijulikani kwa wananchi kama inavyostahili. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Tanzania Bara, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Zanzibar ilifungua yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha ikashuka pwani hadi Malindi. Kwa kawaida mgonjwa anakwenda kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Dozi ikiwa sawa, arosto haiji, hamu inatulia, na mtu halewi. Anaweza kufanya kazi ya saluni, kuendesha bajaji, kulea mtoto.

Nimesikia hata watu wa dini ninaowaheshimu wakisema huku ni kubadilisha unga kwa unga. Nawaomba wamtazame mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza kidonge kila asubuhi kwa miaka 20. Hatumwambii kwamba amekuwa mtumwa wa kidonge. Taasisi ya Marekani inayochunguza dawa za kulevya inasema kati ya watu 40 na 60 katika kila 100 waliotibiwa uraibu huteleza na kurudia, na kwamba kiwango hicho hakizidi kile cha wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu wanaoacha masharti ya tiba wakaugua upya. Mama yetu sukari ikipanda baada ya harusi, tunamrudisha kliniki. Kijana akiteleza mara moja tunasema tulijua tu.

Lakini methadoni ina mpaka wake. Inatibu unga na ndugu zake tu. Haimsaidii aliyenaswa na bangi, pombe, au methamfetamini, na vijana walio wengi wako huko. Hao wanahitaji mtu wa kukaa nao, mshauri aliyefundishwa, wiki baada ya wiki, na wazazi wakiwemo chumbani. Washauri wa namna hiyo ni wachache mno nchini. Pale Zanzibar, tangu mwaka 2009, nyumba za upataji nafuu, zile zinazoitwa soba hausi, zimekuwa zikiendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliopita njia hiyohiyo, na nguvu yao ni hiyo: kijana hawezi kuwadanganya, nao hawamwoni kama kitu. Na neno moja la tahadhari kwa familia zinazopenda kumfungia mtu chumbani "mpaka imtoke". Arosto ya unga humtesa mtu ila kwa kawaida haimuui. Ya pombe nyingi ya muda mrefu, au ya vidonge kama valiamu, inaweza kuleta degedege na kifo. Mlevi wa kila siku asikatishwe ghafla bila daktari.

Wasichana sijawataja, na hilo linaonyesha jinsi wanavyofichwa. Nenda kliniki yoyote ya methadoni asubuhi, utakuta foleni ya wanaume na wanawake wachache sana. Wapo, ila aibu yao ni kubwa mara mbili, na kwa wengi mwanamume anayewapa unga ndiye huyohuyo anayewapa mahali pa kulala. Binti anayetumia haonekani kituoni. Huonekana wodi ya wazazi, au haonekani kabisa.

Sasa turudi kwenye lile neno. Mteja hawezi kuwepo bila muuzaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kete moja ya kijiweni ni unga wa kuweka kwenye ncha ya kucha. Anayemiliki kilo zaidi ya elfu tatu hasinzii kituoni na hatuna jina la kumdhalilisha. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili yake, na ningependa kuona nguvu zote za dola zikielekezwa huko. Tuliwahi kuona kwamba serikali ikitaka inaweza: tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, zile pakiti ndogo ambazo mwanafunzi aliweza kuzinunua kwa fedha ya nauli na kuzificha kwenye soksi.

Upande wa kinga mfano ninaoupenda unatoka mbali, Aisilandi. Mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa huko wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa 5. Hawakufanya hivyo kwa mabango ya kutisha. Waliweka fedha kwenye michezo, muziki na ngoma, wakawapa wazazi ruzuku ya kulipia, wakakubaliana kwamba watoto wa miaka 13 hadi 16 wawe nyumbani kabla ya saa nne usiku majira ya baridi, na wakawahimiza wazazi wakae na watoto wao siku za kawaida, si mwishoni mwa wiki tu. Wao ni matajiri na wachache, najua. Lakini uwanja wa mpira hauhitaji utajiri, na mtaa wetu ulikuwa nao. Nilichezea hapo, mpwa wangu alichezea hapo akiwa mdogo. Leo umejaa fremu za maduka, na vijana wanaobaki bila uwanja wamekaa mbele ya fremu hizo.

Mpwa wangu ana miaka 23 sasa. Yuko kwenye methadoni mwaka wa tatu. Ameteleza mara mbili. Anafanya kazi kwa fundi wa friji, na ameanza kutucheka tena tukikosea kucheza karata, jambo ambalo dada yangu alilisimulia kwenye simu huku akilia. Bado wapo majirani wanaoshika pochi anapopita.

Kama nyumbani kwako yupo kijana mwenye dalili mbili au tatu kati ya zile, zungumza naye wiki hii, asubuhi akiwa ametulia, bila hadhira na bila fimbo, na umpeleke hospitali ya wilaya au mkoa ukaulizie kitengo cha afya ya akili. Kama tayari ameingia kwenye unga, kliniki za methadoni zipo na dawa haiuzwi, hutolewa bure. Kinachowashinda wengi ni nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kila siku, siku 30 kwa mwezi. Ukitaka kumsaidia mmoja, anza na nauli.